Kuba Zilizofukiwa Njiro

Kuba za misikiti ya Arusha zinaonekana kutoka mbali, na nyingi ni zege na nondo: zilimwagwa juu ya mbao na mirunda, kisha zikapakwa rangi au kuvikwa bati linalong'aa. Sina neno nazo. Ila kuba ninazozipenda mimi ziko mahali pasipo na mnara wala kibao. Ziko nyuma ya banda la ng'ombe, chini ya bustani ya sukumawiki, ndani ya kuta ndefu za Njiro. Mtu anaweza kupita juu yake miaka kumi akienda kuanua nguo, asijue kwamba chini ya kandambili zake kuna nusu tufe ya tofali tupu, iliyojengwa bila ubao wa kuishikilia na bila nondo, na ndani yake gesi inasubiri kuivisha maharage.

Njiro inajulikana kwa mambo mengine. Huku ndiko iliko taasisi ya uongozi ya ESAMI, ndiko kilipo Chuo cha Uhasibu, ndiko wanakofanyia kazi watafiti wa wanyamapori wa TAWIRI, na kila Agosti viwanja vya Themi hujaa watu wa Nane Nane. Ndiko pia wenye nafasi zao walikokuja kujenga ghorofa zenye vioo vikubwa na paa za migongo mipana, nyumba ambazo usiku wa Julai zinadai hita na mchana wa Februari zinadai feni, katika mji ambao Mungu aliujalia hewa isiyohitaji kimojawapo. Lakini hata nyuma ya jumba la namna hiyo mara nyingi utakuta banda, ng'ombe wawili watatu wa maziwa waliofungiwa ndani, na asubuhi kijana anashusha mzigo wa majani kutoka kwenye bodaboda. Ng'ombe hao ndio chanzo cha kuba, maana samadi yao ndiyo inayotoa bayogesi.

Fundi niliyekaa kumtazama akiijenga moja ni mtu wa makamo, si msemaji. Mama mwenye nyumba anamwita fundi, naye anamjibu "mama" ingawa huenda wanalingana umri. Saidia fundi wake anamwita "chalii", na chalii anamwita "mzee" kwa sauti ya kijana anayejua kwamba akikosea kuchanganya saruji atarudia. Shimo lilikuwa limekwisha kuchimbwa, refu kuliko mtu, na udongo wake mweusi umerundikwa kando. Nilidhani udongo huo ungezolewa na tipa. Fundi alimkataza mtu yeyote kuugusa, na sababu yake niliielewa baadaye.

Kazi yenyewe inaanza na jamvi la zege chini ya shimo. Katikati ya jamvi anasimamisha kigingi cha chuma. Kwenye ncha ya kigingi anafunga waya, na kwenye waya anaweka alama kwa kuuzungushia utepe. Ramani anayo, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni mfukoni mwa koti, lakini kuanzia hapo sikumwona akiitoa. Waya ndio ramani. Kila tofali linapowekwa, waya unavutwa mpaka ulikute. Uso wa ndani wa tofali sharti uguse alama, na tofali lenyewe sharti liutazame waya uso kwa uso, lisiupe bega. Tofali likifanya hivyo liko mahali pake, mahali pekee panapolifaa katika dunia nzima, na hakuna haja ya timazi wala pima maji. Vifaa hivyo viwili, ambavyo fundi wa kuta hawezi kupiga hatua bila kuvishika, vilibaki kwenye begi siku zote hizo.

Tofali husimamishwa kwa ubavu, si kwa tumbo, kwa hiyo ukuta wote unene wake ni kimo cha tofali lililolala. Ni ukuta mwembamba wa kutisha. Kabla ya kulitumia, chalii analitumbukiza tofali kwenye ndoo ya maji, kwa sababu tofali kavu hunywa maji ya saruji na kuiacha ikiwa unga. Fundi analipokea, analipaka mchanganyiko chini na ubavuni, analikalisha, analigonga mara mbili kwa mpini wa mwiko, anavuta waya. Likizidi kidogo, anagonga tena. Likipungua, analitoa na kuanza upya, halilazimishi. Kwa kuwa tofali ni la mstatili na duara ni duara, maungio huwa membamba upande wa ndani na mapana upande wa nje; katika upana huo wa nje anachomeka kipande cha kokoto bapa na kukigonga taratibu, mpaka tofali na jirani yake wawe wamebanana sawasawa.

Kozi za kwanza hupanda karibu wima na mtazamaji hana la kuogopa. Kadiri ukuta unavyopanda ndivyo unavyoinama ndani, na kufikia kozi za kati tofali limelala kiasi kwamba akili inakuambia litateleza. Lingeteleza kweli. Hapo fundi anachukua ndoano aliyoitengeneza mwenyewe kwa kipande cha chuma chembamba, anaipachika kwenye ukingo wa tofali jipya, na upande wa pili wa ndoano, nyuma ya ukuta, linaning'inia tofali jingine kwa waya. Uzito wa nyuma unalizuia la mbele lisidondoke. Anaweka tofali la pili, ndoano ya pili. La tatu vivyo hivyo. Ndoano zake si nyingi, kwa hiyo zile za mwanzo anazihamisha kadiri saruji inavyoshika, akizunguka ndani ya shimo kinyume cha saa bila haraka, mpaka duara linafunga. Duara likifunga, ndoano zote zinatolewa, na hakuna kinachodondoka.

Hapo ndipo penye uhandisi wote, na inafaa kukaa hapo kidogo. Tao la mlango haliwezi kusimama mpaka tofali la mwisho la utosini liingie; ndiyo maana tao hujengwa juu ya mbao, na mbao hutolewa mwishoni. Kuba haina masharti hayo. Tofali lililoinama linataka kuangukia ndani, lakini ili liangukie ndani linahitaji kupita kati ya jirani zake wawili, na nafasi ya ndani ni finyu kuliko ya nje. Kadiri linavyotaka kushuka ndivyo linavyozidi kubanwa. Kila duara lililofunga ni pete inayojibana yenyewe, nayo inatosha kuwa msingi wa duara linalofuata. Maana yake ni kwamba kazi inaweza kusimama popote, alimradi duara limefunga. Mchana chalii alipotangaza kwamba wali umeletwa, fundi hakupanda ngazi. Yalikuwa yamebaki matofali manne duara lifunge, na wali ulipoa.

Tofali na saruji hupenda kubanwa na huchukia kuvutwa. Hilo kila mwashi analijua hata kama halisemi kwa maneno hayo. Nondo tunaiweka kwenye zege ili iuchukue mvuto ambao zege haliuwezi. Mtu akifaulu kuchagua umbo ambalo ndani yake kila kitu kinabanwa na hakuna kinachovutwa, nondo inakosa kazi, na pesa yake inabaki mfukoni. Lakini mtambo wa bayogesi una tatizo la ziada. Samadi iliyochanganywa na maji ikichacha ndani ya giza, gesi hupanda na kujikusanya chini ya utosi wa kuba, na gesi husukuma kwenda nje. Yaani inataka kuipanua kuba, kuivuta, kufanya kitu kile kile ambacho tofali halikipendi. Jibu la tatizo hilo lilikuwa lile rundo la udongo mweusi kando ya shimo. Kuba ikikamilika inafukiwa, udongo unashindiliwa tabaka kwa tabaka pembeni na juu, na uzito wake unasukuma ndani kwa kadiri gesi inavyosukuma nje. Udongo uliotoka shimoni unarudi kufanya kazi ya nondo. Ningekuwa mwalimu wa uhandisi, mtihani wangu wa kwanza ungekuwa kumpeleka mwanafunzi kwenye shimo hilo na kumwuliza kwa nini tipa ilifukuzwa.

Kuna jambo jingine ambalo nisingeliona kama fundi asingenionyesha kwa ncha ya mwiko. Mahali fulani chini, kabla kuba haijaanza kuinama sana, kuna kozi moja iliyoungwa kwa mchanganyiko hafifu makusudi: saruji kiduchu, chokaa zaidi ya saruji, mchanga mwingi. Mafundi wanaiita pete dhaifu. Juu yake tu kuna pete imara, iliyojengwa kwa mchanganyiko wenye nguvu. Ardhi ikitulia vibaya, au joto na baridi vikivutana, ufa lazima utokee pahali. Pete dhaifu inauita ufa uje kwake. Ufa ukifika pale unazunguka kwa mlalo na kuishia pale, haupandi kwenda juu kwenye gesi. Huko chini kuna tope tupu, na tope haliponyoki kwenye ufa mwembamba kama gesi inavyoponyoka, huziba lenyewe. Majengo mengi tunayoyaita imara hujengwa kwa kiburi cha kutokubali ufa. Hili limeukubali na kuuchagulia mahali pa kukaa. Tuko kwenye mkono wa Bonde la Ufa, chini ya mlima wa volkano uliofuka mara ya mwisho mwaka 1910, kwa hiyo unyenyekevu wa aina hiyo si wa kupuuzwa.

Pete hiyo ina historia, nayo ni ya hapa hapa. Mitambo ya kwanza ya bayogesi iliyosambazwa Tanzania tangu miaka ya 1970 ilikuwa ya mtindo wa India, yenye pipa kubwa la chuma linaloelea juu ya tope na kupanda likijaa gesi. Chuma kwenye samadi huoza, na pipa lilikuwa ghali. Mtindo wa Kichina, wa kuba isiyo na chuma, ulikuwa rahisi zaidi, lakini ulisumbuliwa na nyufa. Mwaka 1981 Bunge lilianzisha CAMARTEC hapa Arusha, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, na miaka michache baadaye kituo hicho pamoja na GTZ, shirika la Ujerumani la ushirikiano wa kiufundi, wakaanza kuuchambua mtindo huo wa kuba kozi kwa kozi. Waliyoyapata, pete dhaifu ikiwa mojawapo, yalichapishwa Ujerumani mwaka 1991 katika kitabu cha Ludwig Sasse, Christopher Kellner na Ainea Kimaro. Mtambo huo ukajulikana duniani kwa jina la CAMARTEC, na wahandisi wa nchi za mbali wakautaja bila kujua Arusha iko wapi. Mwaka 2009 ulipoanza mpango wa taifa wa bayogesi ya majumbani, umbo lililoboreshwa la kuba hiyo ndilo lililotumika, na maelfu ya kaya zikaipata.

Si zote zinafanya kazi leo. Niliyoyaona mimi Njiro na vijiji vya Meru ni kwamba mtambo uliokufa mara nyingi kuba yake ni nzima. Kilichokufa ni ufugaji: ng'ombe waliuzwa kulipa ada, au watoto waliokuwa wakichanganya samadi kila asubuhi walikwenda chuo, au maji yalikatika wiki kadhaa na tope likakauka. Kuba inabaki huko chini ikiwa haina makosa. Nilipomwambia fundi hivyo alitikisa kichwa tu, akaendelea kupaka lipu.

Lipu ya ndani ndiyo sehemu ya kazi ambayo macho ya mtu wa nje hayaifikii. Utosi wa kuba umeachwa wazi, tundu la kupitisha mtu, na fundi anashuka humo na taa. Anapaka tabaka jembamba, anasugua, anapaka maji ya saruji kwa brashi, anarudi na tabaka jingine, juu ya kichwa chake, mkono ukiwa umeinuliwa muda wote na saruji ikimdondokea machoni. Hakuna ruhusa ya kuacha nusu na kurudi kesho, kwa sababu lipu ya jana na ya leo hazishikani sawasawa, na gesi hupata njia hapo hapo. Kwa hiyo anaingia asubuhi na kutoka amemaliza. Baadaye tundu linafunikwa kwa mfuniko wa zege uliozibwa kwa udongo wa mfinyanzi, na juu ya mfuniko humwagwa maji ili udongo usikauke. Maji hayo pia ni mlinzi: gesi ikivuja, unaona mapovu. Sijawahi kuona king'ora cha bei nafuu zaidi.

Waswahili hawakuanza jana kuezeka kwa kuba. Kule Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu uliongezwa katika karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, na nyongeza hiyo ikaezekwa kwa kuba na matao marefu ya mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe yale yale, yaliyochomwa juu ya magogo, kisha yakazimwa kwa maji. Sehemu ya paa hilo ilianguka baadaye na ikajengwa upya katika karne ya 15, jambo linalonipa moyo zaidi kuliko kama lisingeanguka kamwe, kwa sababu linaonyesha kwamba ufundi ulikuwapo mjini pale pale, haukuwa umekodishwa kwa kazi moja. UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004 na kuyatoa mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Zile za Kilwa ni kuba za mwamba na chokaa, za Njiro ni za tofali na waya; mkono si mmoja. Hesabu ni ile ile.

Aliyerudisha hesabu hiyo mezani kwa wasanifu wa Afrika ya leo ni Mmisri, Hassan Fathy. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mbao zilipoadimika Misri, alikwenda Aswan akakuta waashi wa Kinubi wanaezeka nyumba kwa matofali ya udongo mkavu bila ubao wowote, tofali moja likiegemea jingine, na akaona aibu kwamba chuo kikuu hakikumfundisha. Wasanifu wengi walimsoma. Wachache walikwenda kujifunza kushika mwiko.

Sasa tazama Rwanda. Ainea Kimaro, yule wa kitabu cha 1991, alikwenda Kigali kufanya kazi katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia, KIST, na huko kuba za jikoni zikawa kubwa ghafla. Magereza ya Rwanda yalikuwa na maelfu ya wafungwa, vyoo vilivyofurika na majiko yaliyokula msitu. KIST ikajenga chini ya ardhi misururu ya kuba zilizounganishwa, kuanzia gereza la Cyangugu, na mwaka 2005 ikapata tuzo ya Ashden ya Uingereza. Kuni za majiko hayo zilipungua kwa takriban nusu. Ni uhandisi wa choo, haupigwi picha na watalii, na sijui jengo la fahari Afrika Mashariki lililowatendea watu wengi wema kuliko hizo.

Halafu mwaka 2017, Gahanga, nje kidogo ya Kigali, ukafunguliwa uwanja wa kriketi wa taifa, na banda lake la wachezaji na watazamaji ni kuba tatu zinazopaa juu ya nyasi. Sidai kwamba zina undugu na zile za magereza. Zilisanifiwa na kampuni ya Light Earth Designs, pamoja na mhandisi Michael Ramage wa Cambridge, na ufundi wake unatoka Hispania, wa vigae vyembamba vinavyopangwa tabaka juu ya tabaka. Ufundi huo ndio uliopelekwa New York na mjenzi Rafael Guastavino mwaka 1881. Ramage alikuwa ameshaujaribu Afrika Kusini pamoja na msanifu Peter Rich katika kituo cha Mapungubwe, kilichotajwa jengo bora la dunia mwaka 2009. Vigae vya Gahanga havikuchomwa. Ni udongo wa pale pale uliotiwa saruji kidogo na kugandamizwa kwa mashine, na vilitengenezwa na kupangwa na watu wa jirani waliofundishwa hapo hapo kazini. Kati ya tabaka na tabaka waliweka wavu mwembamba kwa ajili ya tetemeko. Mstari wa kuba unafuata njia ambayo uzito wenyewe unataka kupita, na umbo hilo wanalifananisha na mpira wa kriketi unavyodunda. Banda zima lina mvuto wa kitu ambacho hakikulazimishwa.

Ninapolitaja banda la Gahanga kwa watu wa Arusha jibu la haraka ni kwamba Rwanda ni Rwanda. Si jibu. Arusha inajengwa upya mbele ya macho yetu. Kule Olmoti unapanda uwanja wa mpira wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON ya 2027, na sitakuwa mjinga wa kudai paa la uwanja wa kiasi hicho liezekwe kwa tofali. Chuma kina mahali pake. Lakini mji huu una Boma la Wajerumani la mwaka 1900, lililojengwa kwa jasho la Waarusha na Wameru walioshurutishwa, na leo ni makumbusho. Una jumba dogo la Kaloleni ambamo TANU ilipitisha Azimio la Arusha mwaka 1967. Una AICC, jengo la mikutano lililojengwa kwa ajili ya jumuiya iliyovunjika kabla rangi haijachakaa. Mji wenye majengo ya namna hiyo utaendelea kujenga kumbi, maktaba, masoko na makumbusho, na kila moja litaanza na mtu mwenye kompyuta mpakato akionyesha picha ya vioo. Saruji peke yake inabeba takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu duniani. Wenye picha za vioo huongeza paneli za sola juu ya paa na kuliita jengo endelevu. Kwangu mimi, jengo endelevu ni lile ambalo fundi wa mtaa huo anaweza kulijenga na, likipasuka, anajua lilipasukia wapi na kwa nini.

Nisiwapambe mafundi kupita kiasi. Tofali la kuchoma lenyewe lina deni: tanuri linakula kuni, na kuba ya bayogesi inahitaji kupikia muda kabla haijarudisha miti iliyoliwa na matofali yake. Ndiyo sababu tofali la udongo na saruji lisilochomwa, ambalo wakala wa taifa wa utafiti wa nyumba bora umelihubiri kwa miaka, lingefaa zaidi, na udongo wa kulitengenezea Arusha tunao. Pia ujuzi huu haujaandikwa mikononi mwa wengi. Chalii anaujua nusu. Nusu nyingine ipo kwenye mabega ya mzee.

Siku ya kufukia nilimwuliza fundi swali nililokuwa nimelibeba. Angeweza kujenga moja juu ya ardhi, kubwa, ya ukumbi wa watu mia? Hakucheka. Aliuliza kwanza itabeba nini juu. Nikamwambia haibebi kitu, inajibeba yenyewe na mvua. Akatazama udongo uliokuwa ukishindiliwa pembeni, akaonyesha kwa mwiko usawa wa miguu ya kuba. "Hapa patachanuka," alisema. "Huku chini udongo unanishikia. Juu sina wa kunishikia. Hapo utanipa nondo, mkanda wa duara zima, na mhandisi aniambie unene." Hiyo ndiyo sura ya kwanza ya kitabu chochote cha kuba, naye aliisema akiwa anaukwangua mwiko wake kwa kipande cha mfuko wa saruji.

Mhandisi mwenyewe, yule wa kusaini ili halmashauri itoe kibali, ndiye kikwazo kwa sasa, maana wengi hawajafundishwa kukokotoa kitu kisicho na nguzo na boriti. Fundi hakuonekana kulijali sana hilo. Alikuwa ameshaanza kuhesabu vifaa. Tofali litakuwa dogo kuliko hili, maana juu kabisa kazi itakuwa ya kichwa chini. Ndoano mara tatu ya hizi. Kigingi hakitafaa, kwa urefu huo kitapepesuka. Ijengwe nguzo katikati, ifungwe pande nne, ibomolewe mwishoni. Waya uwe wa chuma, kwa sababu kamba ya nailoni ikipigwa na jua inavutika, na kwa upana wa ukumbi vidole viwili vya kosa chini vinakuwa kiganja kizima juu. Na tusianze kabla masika haijaisha.